Meli ya Oseberg ilifungwa kamba kwenye jiwe: marehemu wa Wavikingi walikuwa wanasafiri au wanabaki?

#1 Mchimbua Kale
Salaam wakuu. Naleta jambo la Wavikingi, wale mabaharia wa kale wa Ulaya ya kaskazini, ambalo limenikaa kichwani kwa miezi kadhaa. Mwaka 1903 mkulima mmoja wa Oseberg, karibu na Tønsberg nchini Norwei, alichimba tuta lililokuwa shambani mwake akakutana na mbao zilizochongwa nakshi. Mwaka uliofuata mwanaakiolojia Gabriel Gustafson alifukua meli nzima ya mwaloni yenye urefu wa zaidi ya mita 21 na nafasi za wapiga makasia 30. Nyuma ya mlingoti kilijengwa chumba cha mbao, na humo walilazwa wanawake wawili. Kwa kuhesabu mistari ya ukuaji iliyomo katika mbao za chumba hicho, wataalamu wamejua kuwa miti yake ilikatwa mwaka 834.

Walizikwa na farasi 15, mbwa 6, ng'ombe 2, gari la magurudumu manne, sleji 4, vitanda, mahema, ndoo, vifaa vya kufumia nguo na hata matofaa ya mwituni. Tumezoea kuambiwa kwamba meli iliyowekwa kaburini ni chombo cha kumvusha marehemu kwenda ahera. Lakini meli hii ilifungwa kwa kamba kwenye jiwe kubwa, ndani ya tuta lenyewe. Anayeondoka hufungua kamba, na hawa waliifunga. Je, waliamini kuwa marehemu wao anaondoka, au anabaki?

#2 Kipepeo wa Kusini
Ahsante kwa mada nzuri. Mimi nilivyojua siku zote ni kwamba Wavikingi hawakuzika kabisa: walimlaza marehemu ndani ya meli, wakaisukuma baharini, kisha mpiga upinde akairushia mshale wa moto kutoka ufukweni. Sasa hizi meli zilizofukiwa ardhini zimetoka wapi?

#3 Mzee wa Maktaba
Mkuu wa #2, mshale huo wa moto umeuona katika sinema, kama tulivyouona wengi wetu, na hakuna maandishi ya kale yanayoutaja. Kinachokaribia ni hadithi ya mfalme Haki iliyoandikwa na Snorri Sturluson wa Iceland katika karne ya 13. Haki alijeruhiwa vitani jeraha la kufa, akaagiza meli ipakiwe maiti na silaha, tanga litwekwe na moto uwashwe, naye akalazwa juu ya kuni. Upepo wa nchi kavu ukaipeleka meli nje ya visiwa ikiwa inawaka. Pia yupo Baldr, mwana wa Odin mungu mkuu, ambaye kwa hadithi za miungu alichomwa ndani ya meli yake. Hizo ni hadithi, tena zimeandikwa na Mkristo zaidi ya miaka 200 baada ya Iceland kubatizwa.

Ile sherehe ya kuchoma meli inayofanyika kila Januari mjini Lerwick, katika visiwa vya Shetland, ilianza karne ya 19, na meli yenyewe huchomwa nchi kavu. Waliochomwa katika meli zama za Wavikingi wapo, lakini walichomwa ardhini na majivu yao yakafukiwa hapo hapo.

#4 Binti Unguja
Naomba niongeze shahidi aliyeona kwa macho, maana kwetu sisi tuliosoma Kiarabu chuoni maneno yake yana ladha ya pekee. Ahmad ibn Fadlan alitumwa na khalifa al-Muqtadir kutoka Baghdad mwaka 921, na mwaka uliofuata, kandokando ya mto Volga, alishuhudia mazishi ya mkubwa mmoja wa watu walioitwa Rus, wenye asili ya Kiskandinavia. Maiti iliwekwa kwanza katika kaburi la muda kwa siku kumi huku nguo zikishonwa. Mali yake iligawanywa mafungu matatu: fungu moja la jamaa zake, fungu moja la nguo za maiti, na fungu moja la kileo cha kunywa siku zote hizo.

Kijakazi mmoja alijitoa, au aliambiwa amejitoa, afe pamoja na bwana wake. Yaliyompata kwa wanaume kabla ya kufa sitayaandika hapa. Alinyanyuliwa mara tatu juu ya kitu mfano wa kizingiti cha mlango. Mara ya kwanza akasema anamwona baba yake na mama yake; mara ya pili anawaona jamaa zake wote waliokufa, wameketi; mara ya tatu anamwona bwana wake ameketi peponi, nayo pepo ni nzuri na ya kijani. Kisha akavua bangili zake akampa bi kizee aliyekuwa na kazi ya kumuua. Bi kizee huyo walimwita Malaika wa Mauti, na ukilisoma jina hilo katika Kiarabu huhitaji mkalimani. Wakati wa kumuua, wanaume waliokuwa nje walipiga ngao zao kwa fimbo ili mayowe yake yasisikike, wajakazi wengine wasije wakaogopa.

Sasa jibu la swali la mleta mada. Mtu mmoja wa Rus alimwambia Ibn Fadlan, kupitia kwa mkalimani, kwamba Waarabu hawana akili, kwa sababu humchukua mtu wanayempenda kuliko wote wakamtupa mchangani aliwe na wadudu, ilhali wao humchoma kwa moto akaingia peponi papo hapo. Kwa mtu huyo hakuna shaka: marehemu ameondoka, tena kwa haraka. Ibn Fadlan anaongeza kuwa haikupita saa moja kabla meli, kuni, kijakazi na bwana wake kuwa majivu.

#5 Muuguzi wa Kaskazini
Dada wa #4, bandiko lako limenigusa, hasa habari za zile ngao. Naomba tu nisahihishe hilo la saa moja. Nahudumia wazee nchini Uswidi, ambako wengi siku hizi huchomwa badala ya kuzikwa, na nimewahi kuelezwa kazi hiyo inavyokwenda. Hata tanuri la kisasa huchukua zaidi ya saa moja, na mifupa hubaki ikabidi isagwe. Kwa moto wa kuni ulio wazi ingechukua saa nyingi na shehena kubwa ya kuni. Ndiyo maana katika makaburi ya kuchomwa wataalamu hupata vipande vya mifupa vya kutosha kupimwa.

#6 Binti Unguja
Ahsante, Muuguzi. Kosa ni langu zaidi kuliko lake, kwa sababu neno alilotumia ndilo hili hili tunaloliita saa, na katika Kiarabu cha zamani linaweza kuwa na maana ya kitambo tu.

#7 Nahodha Mstaafu
Nimezaliwa katika nyumba ya mafundi wa vyombo na nimekaa baharini miaka thelathini na mbili, kwa hiyo nitasema upande wa chombo. Mleta mada anaona kamba kama dalili ya kubaki. Mimi naona vingine. Chombo hufungwa amari kwa sababu kinaelea. Kilicho juu ya magogo nchi kavu hakifungwi, kinaegemezwa. Aliyeifunga meli ile kwenye jiwe alikuwa akiihesabu kuwa majini bado. Huenda ilifungwa ikingoja abiria wakae sawa, au huenda ilikwisha kufika ng'ambo, na lile tuta ndiyo bandari yenyewe.

Na nyote mmepita juu ya gharama. Meli ya mwaloni ya makasia 30 ni kazi ya mafundi wengi na msitu mzima. Kuifukia ni kama kuzika nyumba, shamba na mifugo ya ukoo kwa mkupuo mmoja. Swali langu ni nani aliyekubali hasara hiyo, na kwa nini.

#8 Mkaazi wa Aalborg
Hapa Denmark ninapoishi, ukivuka mlangobahari wa Limfjord tu unafika Lindholm Høje, mahali penye makaburi karibu 700 ya zama za chuma na za Wavikingi, mengi yakiwa ya watu waliochomwa. Moto ulipozimika, mabaki yalifunikwa kwa udongo kidogo, kisha mawe yakapangwa kuzunguka: mengine duara, mengine pembetatu, na mengine kwa umbo la meli lenye ncha mbili. Mchanga uliopeperushwa na upepo uliyafunika kwa karne nyingi, na ndiyo sababu mawe hayakung'olewa na wajenzi. Mwezi wa Februari nilimpeleka mwanangu wa miaka saba, theluji ikiwa imejaa upande mmoja wa kila jiwe. Alikwenda akaketi katikati ya meli moja, hatua kumi hivi kutoka ncha hadi ncha, akaniuliza nahodha hukaa wapi. Sikuwa na jibu.

Nahodha wa #7, wengi wa watu hawa hawakuwa na uwezo wa kuzika mwaloni, ila walipata meli ya mawe. Gharama haiwezi kuwa maelezo yote.

#9 Mwalimu wa Zamani
Nadhani tunakosea tunapouliza "Wavikingi waliamini nini" kama vile walikuwa na msahafu mmoja na kadhi mmoja. Hawakuwa na kitabu, na pepo zao ni nyingi. Valhalla ya Odin ni ya waliouawa vitani, lakini shairi la kale linasema mungu wa kike Freyja huchagua nusu ya wafu wa kila siku, Odin akabaki na nusu yake. Waliozama baharini huvuliwa kwa wavu wa Rán, mungu wa kike wa bahari. Wengine wanakwenda kwa Hel, malkia wa kuzimu, na huko ndiko alikokwenda hata Baldr, mwana wa mungu mkuu. Katika saga ya Egil, moja ya simulizi ndefu za kale za Iceland, binti yake Thorgerd anakataa chakula akisema hatakula tena mpaka awe kwa Freyja.

Kuna kisa kutoka Iceland kinachojibu swali la #1 kwa namna inayochanganya zaidi. Thorstein alikwenda kuvua samaki akazama. Kabla habari hazijafika nyumbani, mchungaji aliuona mlima Helgafell umefunguka upande wa kaskazini, ndani mna mioto mikubwa na sauti za karamu, na akamsikia Thorstein akikaribishwa aketi kwenye kiti cha heshima mkabala na baba yake. Kafia baharini, lakini makazi yake ni mlima unaoonekana kutoka shambani kwake. Huyo tumweke upande gani, aliyesafiri au aliyebaki? Kiswahili chetu kinalo neno kuzimu, na papo hapo kina mzimu wa mahali fulani, chini ya mti fulani, na hakuna aliyewahi kuona taabu kuyatumia yote mawili.

#10 Mchimbua Kale
Wakuu, mmenipa zaidi ya nilichoomba. Kwa Nahodha: wapo waakiolojia waliodai, kwa kuangalia mimea iliyokutwa ndani ya tuta, kwamba kwa muda fulani Oseberg ilifunikwa nusu tu, tezi ikiwa chini ya udongo na omo likiwa wazi, watu wakiingia na kutoka, wengine wanapinga. Kama ni kweli, mazishi hayakuwa tukio la siku moja. Niliiona meli hiyo kwa macho yangu huko Oslo kabla jumba lake la makumbusho halijafungwa mwaka 2022 kwa ujenzi mpya. Mbao ni nyeusi kama kaa, na omo linapanda juu likajisokota kama nyoka. Nilisimama chini yake nikiwa nimeshika kofia mkononi, bila kujua niliivua saa ngapi.

#11 Mjukuu wa Fundi
Nitatoa kisa cha kwetu kwa sababu kinahusu vitu vya kaburini. Babu yangu alipofariki, baba mdogo alitia mkongojo wake ndani ya jeneza, ule wenye kichwa kilicholainika kwa kushikwa. Mchungaji aliuona akautoa, akasema marehemu hahitaji. Usiku ule baba mdogo alirudi makaburini peke yake akauchimbia pembeni ya kaburi. Nilipomuuliza kama anaamini babu atautumia, alinijibu kwa hasira kwamba haamini kitu kama hicho, ila asingeweza kurudi nyumbani akaukuta umeegemea ukuta.

Kwa hiyo ninaposoma orodha ya ndoo na vitanda vya Oseberg, siwezi kuruka moja kwa moja hadi kwenye imani. Pengine baadhi ya vitu viliwekwa kwa sababu hakuna aliyeweza kuendelea kuviona.

#12 Mzee wa Maktaba
Mjukuu wa Fundi, pole, na ahsante kwa kisa hicho. Kwa upande mwingine, Snorri anaandika kwamba Odin aliweka sheria: wafu wachomwe na mali zao, na kila mtu afike Valhalla na utajiri uliokuwa naye kwenye kuni. Hapo vitu ni akiba ya safari. Tatizo ni kwamba tausi wawili waliozikwa na mtu wa Gokstad, kaburi jingine la meli huko Norwei, pamoja na farasi 12 na mbwa 8, ni vigumu kuwaita akiba. Mtu huyo alikufa akiwa na majeraha ya silaha miguuni, karibu na mwaka 900. Tausi alikuwa ndege wa mbali mno kwa Norwei ya wakati huo. Huyo alizikwa aonekane.

#13 Daktari wa Mifupa
Hakuna aliyegusa wanawake wenyewe. Mmoja alikuwa na umri wa miaka 70 au zaidi, na mifupa yake ina dalili za saratani. Mwingine alikuwa na miaka 50 hivi. Kwa muda mrefu ilisemwa kwamba mmoja ni malkia Åsa na mwingine ni mtumwa aliyeuawa ili amfuate, na ushahidi uliotolewa ni mtulinga uliovunjika, ule mfupa unaounganisha kifua na bega. Ulipochunguzwa upya, mfupa huo ulionekana umeanza kuunga, maana yake aliishi wiki kadhaa baada ya kuvunjika. Jina la Åsa nalo halina uthibitisho.

Hiyo haina maana kuwa habari za #4 ni za Volga peke yake. Huko Flakstad, katika visiwa vya Lofoten, kumekutwa watu waliozikwa bila vichwa pamoja na wengine waliokamilika, na kemikali ya mifupa ilionyesha kwamba wale wasio na vichwa walikula chakula tofauti, cha samaki zaidi. Ni rahisi kuwafikiria kuwa watumwa. Kila mnapoandika "marehemu alisafiri", naomba mkumbuke kwamba wengine walisafirishwa.

#14 Kipepeo wa Kusini
Nimesahihishwa na nimeelewa. Lakini kuhusu hao hao Rus, mbona kuna msafiri mwingine anayesema vingine?

#15 Binti Unguja
Umeuliza vyema, ndugu wa mishale. Ni kweli, Ibn Rusta, wa zama hizo hizo, anasema Rus humchimbia mkubwa wao kaburi kama nyumba pana, wakamtia humo na nguo zake, bangili za dhahabu, chakula, vinywaji na fedha, na mke aliyempenda huingizwa akiwa hai, mlango ukafungwa. Huyu amewekewa nyumba. Yule wa Ibn Fadlan alichomewa meli. Na Ibn Fadlan mwenyewe anasema maskini hutengenezewa chombo kidogo akachomwa nacho, ilhali mtumwa aliyekufa huachwa aliwe na mbwa na ndege. Hilo linamjibu pia Nahodha: umbo la chombo halikuwa la matajiri tu, lakini lilikuwa na mpaka wake.

#16 Kisima cha Mawe
Mimi naegemea upande wa kubaki, na sababu yangu ni hofu. Katika saga za Iceland marehemu huweza kuinuka na mwili wake, akavunja milango na kuua mifugo. Skallagrim alipofia kwenye kiti chake, mwanawe Egil alimsogelea kwa nyuma, akamfumba macho na kuziba pua, kisha akaamuru ukuta ubomolewe na maiti itolewe hapo, asije akaujua mlango. Ukiamini kuwa mtu ameshafika mbali peponi, hubomoi ukuta wa nyumba yako.

Tukirudi Oseberg, kati ya mwaka 953 na 975 watu walilichimba tuta, na tarehe hizo zimetokana na mbao za majembe waliyoyaacha ndani. Hawakuchukua vito tu. Mifupa ya wanawake wale ilivutwa nje ya chumba ikatawanywa katika njia waliyoichimba, na kazi kubwa namna ile haikuweza kufanyika kwa siri. Watafiti wengine wanaihusisha na mfalme Harald wa Denmark, aliyejivunia katika jiwe la maandishi la Jelling, huko Denmark, kwamba ameitwaa Denmark yote na Norwei. Huchimbui waliokwenda zao. Unachimbua ambao bado wanaishikilia nchi.

#17 Mkaazi wa Aalborg
Kisima, huenda, lakini Harald huyo huyo alijisifu pia kuwa amewafanya Wadenmark kuwa Wakristo, na chumba cha tuta la kaskazini hapo Jelling, ambacho mbao zake ni za mwaka 958 au 959, kilikutwa hakina maiti. Wengi wanafikiri alimhamisha baba yake Gorm kutoka humo akamzika upya kanisani. Mtu mmoja anaweza kuwafukua wafu kwa chuki Norwei na kwa mapenzi Denmark. Kufukua peke yake hakutuambii alichoamini.

#18 Muuguzi wa Kaskazini
Naongeza wale ambao maiti zao hazikupatikana. Hapa Uswidi kuna mawe ya maandishi yapatayo 26 yanayowataja watu waliofuatana na kiongozi aitwaye Ingvar kwenda mashariki wakafa karibu mwaka 1041. Jiwe la Gripsholm liliwekwa na mama aitwaye Tola kwa ajili ya mwanawe Harald, nduguye Ingvar, na linasema walikufa kusini, katika Serkland, nchi za Waislamu. Hakuna kaburi. Nimewahi kuligusa jiwe hilo kwa kiganja siku ya mvua, na herufi zinapita ndani ya mwili wa nyoka mmoja mrefu aliyejikunja. Tola hakuwa na mwili wa kuchoma wala wa kuzika, kwa hiyo sijui kama swali la kuondoka au kubaki lingemfaa.

#19 Nahodha Mstaafu
Nimerudi kwenye kamba, mniwie radhi. Mchimbua Kale, wewe ulisimama pale. Chombo kinachofungwa kwa usiku mmoja hufungwa fundo linalofunguka kwa mvuto mmoja hata gizani, na kinachofungwa msimu mzima hufungwa vingine kabisa, kwa mizunguko mingi, na ncha ya kamba hukazwa. Kama kuna picha au mchoro wa wachimbaji wa mwaka 1904 unaoonyesha kamba ile ilivyozungushwa kwenye jiwe, uweke hapa tuutazame.